Presha ya Gesi Naipunguza Mimi, Mume Wangu Hajui

...na hapo ndipo simu niliyokupigia kipindini kwako redioni ikakatika, mpendwa mshauri, nikabaki nimeshika simu mkononi kama mjinga wakati ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo nimeona bora niliandike lote, unisaidie, maana nikinyamaza mume wangu ataaibika Alhamisi ijayo mbele ya wakubwa wake, na huyu ni mume ambaye hata akikoroma mimi nasikia raha.

Tumeoana juzijuzi tu. Tunafanya kazi karakana moja, tunaandaa mirija ya plastiki ya hospitali ili gundi iishike vizuri. Mtambo wetu ni chombo cha kioo, pampu inanyonya hewa yote ndani, kisha tunaingiza gesi ya agoni kidogo kidogo, tunawasha mawimbi ya redio, na gesi inageuka plazma, yaani gesi yenye umeme inayong'aa, inachomoza kwenye bomba dogo kama ulimi wa mwanga wa zambarau, na ni mbele ya mwanga huo nilipomwona mume wangu mara ya kwanza, zamu zikipishana, uso wake wote zambarau, nikasema moyoni, basi, nimekwisha.

Shida ni kwamba mpenzi wangu anapenda ulimi unaong'aa. Anafungua gesi mpaka presha inapanda, na presha ikipanda ulimi unafupika, unakuwa mwembamba, mkali, wa moto, unachoma doa la manjano katikati ya mrija na pembeni haugusi kabisa, kwa hiyo gundi inabanduka. Presha ikishuka ulimi unarefuka na kutanuka, unapoa, unaupitia mrija wote sawasawa, ila ukiishusha mno mwanga unasambaa chombo kizima na kazi haifanyiki. Sasa tangu tuoane tumewekwa zamu moja, na geji, kile kipimo cha presha, iko upande wangu, nyuma ya mtambo, basi akienda kufuata trei ya mirija mimi nafungua vali ya pampu taratibu mpaka presha ishuke panapotakiwa. Akirudi akaukuta ulimi umefifia anasema mtambo ukishapata joto ndivyo unavyotulia, kisha ananiuliza, "Mke wangu, geji inasemaje?" nami namjibu, "Iko sawa, baba, kama ulivyoiweka," naye ananitazama kwa macho yale, mshauri, nasahau hata nilizaliwa wapi.

Zamani mirija yake ilikuwa inarudishwa kila mara, sasa haurudi hata mmoja, na yeye anawaambia wenzake, "Oeni jamani, ndoa ina baraka!" Fundi mkuu kasikia, kaona, na anataka kumpa uongozi wa zamu. Alhamisi watamjaribu bila mimi, na nyuma ya mtambo atasimama jamaa tunayemwita Miwani, ambaye anasoma geji kama ilivyo na hamwonei mtu haya. Nilimgusia wifi yangu, akanicheka, "Wewe umeolewa juzi tu, leo unataka kumfundisha mume kazi? Mwache na baraka zake!" Je, nimwambie nimvunje moyo, au nimbembeleze Miwani anifanyie kama ninavyofanya mimi?

Ni mimi, bibi harusi wa nyuma ya mtambo.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi, hongera. Furaha yako imefika mpaka huku, nami sina nia ya kuimwagia maji. Lakini nikukemee kwanza. Hicho unachokiita mapenzi ni kumfunga mumeo kitambaa machoni kisha kumsifia anavyotembea. Umemnyima kitu ambacho fundi hawezi kuishi bila hicho, nacho ni kuiona kazi yake mwenyewe ikiharibika. Isitoshe, mirija hiyo inakwenda kwa wagonjwa. Siku ukiamka na homa, nani atafungua vali?

Kumbembeleza Miwani? Thubutu! Mumeo akipata cheo kwa mkono wa mtu mwingine, kesho atawafundisha zamu nzima kuchoma mirija, tena kwa kujiamini. Na wifi yako mpe heshima zake zote, ila ushauri wake mrudishie. Kumwambia mumeo ukweli mkiwa wawili si kumfundisha mbele za watu.

Usimwambie kitandani, atadhani ni utani. Kesho ombeni ruhusa muingie kabla wenzenu hawajafika, mchukue mirija mibovu. Mwache aweke presha anavyopenda, na wewe usiguse kitu. Atie gundi, avute, aone inavyobanduka. Halafu mwite huko nyuma ya mtambo, yeye asimame kwenye geji, wewe ufungue vali, aone sindano ya geji ikishuka na ulimi ukirefuka. Kisha afanye mwenyewe, apandishe, ashushe, apitilize huku na huku, mpaka jicho lake na geji viseme lugha moja. Hapo umwambie, "Ni mimi niliyekuwa nafungua. Nilikosa kukuficha." Mara moja tu, bila machozi, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe na kazi itasahaulika.

Atanuna. Mwache anune. Akisusa chakula, funika, atakula kikiwa baridi. Kununa kwa mume ndani ya nyumba kunaisha. Kuaibika kwake mbele ya fundi mkuu, akijua mkewe alijua, hakuishi upesi. Na hilo neno "kama ulivyoiweka" lifute kinywani mwako. Akiuliza geji inasemaje, mtajie namba.

Huenda Alhamisi akashinda, huenda akaambiwa asubiri mwaka mwingine. Vyovyote itakavyokuwa, kitakuwa chake. Nami huo mwanga mmenitamanisha. Kabla mwezi haujaisha nitapita hapo karakanani kwenu, na nataka mumeo aniwashie yeye, wewe ukiwa umesimama pembeni yangu, mikono yako yote miwili naiona.