Taa Zizimwe Saa Mbili

Jumapili, 2 Machi
Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Jana kiwanda kizima cha matofali tumeambiwa: kuanzia kesho kazi ni siku tatu kwa wiki. Msimamizi katangaza akiwa ndani ya gari, kioo kakishusha nusu. Eti tuvumiliane, sisi ni familia moja. Familia! Mshahara wake haujaguswa, wala tumbo lake.

Mke wangu nimemtumia ujumbe wa sauti, dakika sita. Chai ya sukari mara moja kwa siku. Saluni basi. Mgeni akija, maji yanamtosha. Kajibu: "Sawa." Huyo akisema sawa, ujue hajasikia kitu.

Jumanne, 4 Machi
Umeme wamenunua mara mbili wiki hii. Mara mbili! Wanayeyusha chuma?

Nimempigia mdogo wangu, anakaa chumba cha uani kwangu, usiku ni mlinzi. Swichi kuu iko ukutani, hatua mbili kutoka mlangoni kwake. Nikamwambia kila siku saa mbili usiku azime, apige kufuli, aende na ufunguo wake kwenye lindo. Akababaika: "Kaka, lakini shemeji ana..." Nikamkata. Shemeji yako hana lolote, shemeji yako hajui pesa inavyotafutwa. Akasema haya.

Mwoga yule. Ila kwa kutumwa anafaa.

Tunayelala naye chumba kimoja, Profesa — tunamwita hivyo kwa miwani tu — kasikia yote. Kaniuliza kama najua hata rangi ya pazia la nyumba ninayoiongoza. Mjinga. Mwenyewe mke alishamkimbia.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna kazi. Nimefua, nimelala, nimeamka. Profesa kapika uji kama gundi ya mbao. Nyumbani kimya siku mbili. Vizuri, dawa imeingia.

Ijumaa, 7 Machi
Vifaranga! Chumbani kwangu! Mia mbili!

Mdogo wangu ndiye kaniambia. Mke wangu kauza cherehani yake, kitanda kakiegemeza ukutani, yeye analala na watoto. Vifaranga wa siku kumi wanataka balbu ya joto usiku kucha. Jumanne saa mbili kamili mdogo wangu kazima, kafunga, kaenda kulinda maghala ya watu. Shemeji yake kamkimbilia mpaka barabarani. Naye, bwana mkubwa, akasema kaka ameagiza!

Wakawasha jiko la mkaa, wakatandaza mablanketi. Haikusaidia. Vifaranga wakipata baridi hurundikana, wa chini wanakosa pumzi. Asubuhi zaidi ya nusu wamekufa; ndipo ufunguo kamrudishia shemeji yake.

Nikamwita mpumbavu. "Ndiyo, kaka." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilianza kukuambia, kaka. Ukanikata."

Nimekata simu. Sikuwa na tusi jingine.

Jumamosi, 8 Machi
Leo mke wangu kapiga mwenyewe. Nilijiandaa kwa kilio, nikawa na majibu yangu mkononi. Hakulia.

Kasema: "Baba watoto, Desemba mshahara wako ulipochelewa, tulikula nini? Uliwahi kuuliza?"

Nikasema nilijua wanajua kujibana.

"Tulikula kuku wa awamu ya kwanza. Na hawa ndio walikuwa ada ya watoto."

Nikauliza kwa nini alinificha.

"Ungecheka."

Ningecheka, ndiyo. Ningecheka mpaka Profesa aamke. Mke wa mfyatua matofali, mfugaji!

Wiki nzima nimepigana na sukari. Mwanaume mzima.

Jumatatu, 10 Machi
Msimamizi anatafuta watu wa kwenda likizo bila malipo. Katabasamu kama anagawa zawadi. Nimeandika jina langu; likizo inaanza mwisho wa mwezi. Profesa kaniambia nisiende mikono mitupu, niende hata na mdomo uliofungwa. Safari hii sikumtukana.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia nakuja, tutaanza upya, nina mipango. Nyuma yake nasikia waliobaki wanalia pii-pii. Kauliza:

"Unakuja kusaidia au kusimamia?"

Mwanamke huyu ana mdomo! Nikasema salio linaisha. Salio lipo.

Sijamjibu bado. Nimemwandikia ujumbe mfupi tu: natarajia kufika Ijumaa, tarehe 28, mchana.