Nyanya Aliyetoroka na Wajukuu

Sasa Nyanya! Baridi ya huku ng'ambo, mjini Burgos, inauma hadi kwenye meno, lakini kwaya yetu imeimba vizuri, na leo kuna jambo lazima nikuambie.

Tulipelekwa kanisani kuona makaburi ya wafalme. Mama aliyekuwa akitutembeza akasimama kwenye kaburi la mtoto wa mfalme.

"Huyu alikuwa mrithi, lakini alikufa kabla ya baba yake," akasema. "Aliacha wavulana wawili. Ndugu yake akawasukuma kando, akachukua urithi. Ndipo malkia, nyanya yao, akatoroka nao mpaka kwa kaka yake, mfalme wa nchi jirani."

Nilikumbuka Baba alipokufa na Anko akasema nyumba ya pale mtaani Lindi si yetu. Ulimbeba mdogo wangu Wafula mgongoni, ukanishika mkono, tukatembea mpaka mtaa wa Kawangware kwa kaka yako.

"Na wale wavulana walikuja kutawala?" nikauliza.

"Hapana. Huyo kaka aliwafungia kwenye ngome."

"Kaka wa nyanya yangu alitupatia kitanda chake, yeye akalala chini," nikasema kwa sauti, wote wakageuka. Nikawasimulia habari zako bila aibu.

Yule mama akauliza unaitwa nani. Nikatamka polepole: "Nekesa." Akarudia, na wageni wote wakarudia, pale mbele ya kaburi la mrithi.

Ota jua asubuhi, usiinue mitungi. Nakupenda sana.

Nafula wako