Kisagio Ulichomletea Mama

Nyumbani,
Kwenye cherehani, mlangoni pa jiko,
Alhamisi asubuhi.

Mpendwa Kaka Twiga,

Salamu nyingi kutoka kwetu sisi uliotuacha huku. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na watoto, bado wanarefuka kumfuata baba yao? Sisi tu wazima wa mwili. Kazi inakwenda, na cherehani langu linalia kama mbuzi lakini halijanitupa mkono. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani nina haraka. Jicho langu moja liko jikoni.

Usishtuke kwanza, mama hajalala kitandani. Yuko hapo ndani anamenya vitunguu. Ila nimeona jambo, kaka.

Limeanzia kwenye kile kisagio cha pilipili manga ulichomletea ulipokuja likizo. Unajua kilivyompanda kichwani. Chumvi kila mtu hujitilia, lakini pilipili manga hapana: lazima mama azunguke meza mwenyewe, asimame nyuma ya kiti chako, akuzungushie juu ya sahani mpaka useme "basi". Ukiwahi kusema basi, anakuuliza kama unaumwa. Sasa jana kikakwama. Alikinyonga kama kuku, hakikutoa hata chembe, akanitupia mimi eti ndiye mtu wa mashine.

Nikafungua ile nati ya juu, nikavua kichwa, nikachomoa kile chuma chembamba cha katikati. Lo! Meno ya chini yalikuwa yameganda uji mweusi, mzito kama gundi. Mama akakiri bila aibu kwamba kilipoanza kuwa kizito alikiosha kwa maji na sabuni. Si unamjua, kwake chombo kisichooshwa si chombo. Nikamweleza kwamba hicho hakiogi. Kinapigwa brashi kavu, na ile ninayotolea vumbi la nyuzi kwenye cherehani inafaa sana. Kikishaanikwa dirishani kikakauka hasa, unasagia ndani yake mchele mkavu kidogo ukwangue meno. Wala nati haikazwi kwa hasira: ukiikaza unapata unga, ukizidisha kinakwama, ukiilegeza unapata chenga. Na tena asikizungushe juu ya sufuria inayofuka mvuke, maana unyevu ndio adui yake. Akanisikiliza kama anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine.

Zile punje zilizobaki ndani nilizimwaga kwenye sinia. Mama Mdogo akapita, akasimama, akapiga ukelele: "Mbegu zangu za papai!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe alizikausha ili apande, akazitia kwenye chupa, chupa ikapotea, na siku zote hizo amekuwa akiwasingizia panya. Zikikauka zinajikunyata na kuwa nyeusi, kwa macho huwezi kuzitenga na pilipili manga, na ukali wake zinao pia. Tumelishwa papai mezani, kaka, na tukasifu! Mimi mwenyewe nilisema ya safari hii ni ya kiwango.

Halafu kicheko kikakatika. Sisi sawa, ndimi zetu ni za kuokoteza. Mama je? Mama huyu aliyekuwa akinusa maziwa yanayotaka kuungua akiwa uani? Aliyekubaini kwa pua tu kwamba umevuta sigara, nawe umeshatafuna limau zima na maganda yake? Huyo ndiye wa kudanganywa na mbegu ya papai?

Nikaponda kinuni pilipili manga ya kweli kidogo, nikaiweka kiganja hiki, na ya papai nikaiponda nikaiweka kile. Nikamwambia, "Mama, hebu ninusie. Ipi ni ipi?" Akainama huku, akainama kule. Kisha akaviacha viganja, akanitazama usoni. Alikuwa anatafuta jibu machoni mwangu! Mama yetu! Nami mikono nimeinyoosha vilevile.

"Pilipili ni hii," akasema, akagusa ya papai.

Mama Mdogo akakaa kitako sakafuni. Mama akafuta mikono yake polepole, akasema, "Tangu yale mafua. Harufu siipati kabisa. Ladha imebaki chumvi na sukari, nazo kwa mbali."

Yale mafua ya kabla ya mvua, kaka! Miezi yote hiyo! Hapo mengine yakaanza kuniporomokea. Unakumbuka nilivyojigamba kwako kwamba siku hizi mama ananiita nionje mchuzi, yeye ambaye hakumruhusu mtu kutia kijiko kwenye sufuria yake? Nilidhani nimepandishwa cheo. Kumbe mwenzangu alikuwa anaazima ulimi.

Lakini lililonitoa jasho ni la gesi. Wiki iliyopita nimetoka kupeleka nguo za mteja, naingia nakuta gesi imejaa jikoni, inanikaba koo. Jiko halikufungwa sawasawa, na mama amekaa mezani anachambua maharage, kiberiti kiko mbele yake. Nikafungua madirisha kwa fujo, akanigombeza kwamba namwingizia vumbi. Nikadhani alisinzia tu, uzee. Mungu wangu! Njiti moja tu, kaka, na leo ningekuandikia barua nyingine. Jana nilipolikumbuka hilo nikakaa chini karibu na Mama Mdogo.

Nilimuuliza kwa nini alificha. Akanijibu, "Ningesema, mngenitoa jikoni. Nikishatoka humu nitakuwa nani, mgeni wa kusubiri kupakuliwa?"

Kesho nampeleka kwa daktari. Kwa sasa cherehani nimelihamishia hapa mlangoni, ndiyo maana barua hii inanuka vitunguu. Mtungi wa gesi naufungua mimi na kuufunga mimi. Mama Mdogo haridhiki. Anasema mama asikanyage tena jikoni, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nasema pua yangu inatutosha wawili. Tumebishana mpaka tukakubaliana kwamba neno la mwisho ni lako, mtoto wa kwanza, na utalisema Jumapili ukipiga simu. Mama ametusikia. Tangu jana anasugua masufuria ambayo tayari ni safi.

Barua hii naituma kwa basi la leo ili ikuwahi, maana kabla hujalisema hilo neno, nataka unisikilize. Kila Jumapili huwa unamuuliza, "Mama, jikoni pananukia nini leo?" Naye anakueleza kitunguu kinavyobadilika kikishika rangi, tangawizi inavyoingia baadaye, mpaka unasema umeshibia hukohuko. Kumbe Jumapili zote hizo hakuwa akinusa kitu! Nilimuuliza aliwezaje kutudanganya vile. Akashangaa. "Nimemdanganya nani? Yeye yuko mbali, hanusi. Mimi sinusi. Tulikuwa tunakumbuka pamoja."

Basi Jumapili muulize kwanza kama kawaida, umwache amalize. Kisha ndipo uamue.

Mama Mdogo anakusalimu. Ameanika mbegu nyingine, safari hii chini ya kitanda chake. Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mola akufunike huko ugenini, akurudishe salama uketi kiti chako, mama asimame nyuma yako na kisagio. Nacho sasa kinazunguka vizuri. Ukifika, usiwahi kusema basi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Sindano