"The" niliyomwongezea Zuhura

Jumanne

Daftari limerudi na makosa matupu. Jana binti yangu Zuhura, wa darasa la tatu, aliniomba nimsaidie kazi ya Kiingereza, nami nikambandikia "the" kila mahali, hata kwenye "go to the bed". Miaka yote hii nauza maharage Kariakoo, mkono umeshazoea kuweka nyongeza.

Mama yake kacheka: "Baba Zuhura, mwalimu hataki nyongeza."

Leo jioni Zuhura kanipita na daftari lake, anaenda kusaidiwa kwa jirani. Nikamwita, nikamwambia lete tuone.

"Baba, wewe umechoka, pumzika," akasema kwa upole, kama anamwambia mgonjwa.

Sikuwa nimechoka hata kidogo. Lakini shule hiyo ya Kiingereza nilimchagulia mwenyewe, nimlalamikie nani?

Nikamjibu, "Kweli, mwanangu, nimechoka."