Kile kifaa cha kumulika wagonjwa

Eufra, nimetoka kwa Magesa sasa hivi.

Yeye na rafiki zake walikuwa wanabishana kuhusu ile tamthilia ya vyombo vya anga, zama zipi zilikuwa na mitambo bora. Nikasema zama za kwanza, kwa sababu ya kile kifaa kinachommulika mgonjwa akapona.

Magesa akasema, "Mngekuwa nacho kwenu miaka ile ya Ukimwi, kibanja kingebaki na nafasi ya migomba."

Nafasi ya migomba, Eufra!

Alipokuja kwetu Kamachumu kujitambulisha kama mchumba wangu, bibi alimpeleka kibanjani, katikati ya migomba ya nyumbani, kwenye makaburi ya baba na mama waliokufa miaka hiyohiyo. Alivua kofia, akainama.

Leo wote walicheka.

Na mimi nilicheka. Kisha nikamwongezea chai.