Juu ya Nini Radi Inapiga

Jumatatu, 1 Oktoba 2001

Tangu asubuhi nazungusha kaseti kwa kalamu. Kidole kinauma. Kipindi cha maziwa: juu ya nini yanafurika yakichemka, na maji hayafuriki. Nakala za kwenda Kayna tayari. Za Beni bado, na dereva anaondoka kesho. Wanawake wa samaki wa Kyavinyonge wanalalamika kwamba kaseti zao zinanuka. Zinanuka nini, kama si samaki wao wenyewe?

Askari walipofunga radio yetu hapa Butembo nilidhani kipindi kimekufa. Hakikufa. Kinatembea kwa miguu. Kaseti moja kwa kijiji, watu wamekaa uani, mawe ya radio, yaani betri, yameanikwa juani yatoe nguvu ya mwisho. Ndicho kitu pekee kinachonifurahisha mwaka huu.

Kambale, mtangazaji mwenzangu, hanifurahishi. Mimi nafundisha fizikia, yeye ana sauti. Mashine ya kunakili kaseti ni yake, kwa hiyo namvumilia. Anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Jina la kipindi nilitoa mimi: "Juu ya Nini?" Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alinidhihaki sokoni. Juu ya nini, juu ya meza? Nikamwambia hapa ndivyo tunavyouliza sababu, na kama hapendi akaulize kwao.

Jumatano, 3 Oktoba

Mvua kubwa jana. Leo habari mbaya kutoka Vuhovi. Radi imempiga Paluku, jirani wa Shangazi Masika. Amekufa papo hapo, na mbuzi wake wote.

Wanasema Shangazi ndiye aliyeituma, kwamba ni mulozi, mchawi. Walikuwa wamegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, basi imetosha. Shangazi huyu ndiye aliyenilea baba alipokufa. Hajui hata kumtuma kuku atoke jikoni.

Mwaka juzi, ng'ambo ya kilima hicho hicho, walimchoma mzee mmoja ndani ya nyumba yake kwa maneno haya haya. Naogopa. Ninapoogopa nakuwa mkali, na leo darasa zima limelipia.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimekwenda Vuhovi, nimeona kwa macho yangu. Askari wamesimamisha antena ya phonie, radio yao ya kuongelea, juu ya kilima, ndefu kuliko mikaratusi. Waya mmoja wa kuikaza umeshuka mpaka kwenye ua wa Paluku, wakaufunga kwenye mti wake bila kumwuliza. Kwenye mti huo huo Paluku alifunga mbuzi wake. Mvua ikaja, akakimbia kuwafungua. Radi ikapiga antena, ikafuata waya, ikamkuta ameshika kamba iliyolowa.

Mtoto wa sekondari angelielewa hilo. Lakini nani ataonyesha antena kwa kidole? Askari wenyewe wamekaa chini yake, wanakula mbuzi waliokufa.

Shangazi hatoki nyumbani. Familia ya Paluku imempa muda mpaka baada ya matanga. Amenikaripia kwamba nimekonda.

Jumamosi, 6 Oktoba

Tumerekodi. "Juu ya nini radi inapiga." Nimeeleza mawingu, umeme, njia unayoipenda umeme kushukia ardhini. Nimesema hakuna mtu anayetuma radi. Nimesema chuma kirefu kilichosimama juu kinavuta radi. Nilitaka kusema antena. Kambale akanipiga teke chini ya meza. Ni woga, ila siwezi kusema amekosea, maana ana watoto na mimi sina.

Kisha, mwishoni kabisa, akaingiza utani. "Ba mama, muangalie majembe yenu!" Akacheka peke yake. Nikamwambia aukate. Akasema bila kucheka watu watalala.

Nakala ya kwanza imekwenda Vuhovi leo leo. Naona nimefanya jambo jema.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mungu anisamehe, namchukia huyu Kambale.

Vuhovi wamesikiliza kaseti mara nyingi, mpaka wameikariri. Hawakusikia mawingu. Hawakusikia kwamba hakuna anayetuma. Wamesikia "inavuta". Basi radi inavutwa! Hata mwalimu wa fizikia amekubali! Na inavutwa kwa kitu gani? Kwa jembe. Kambale amesema.

Wakaenda kwa Shangazi, wakakuta jembe lake limechomekwa kwenye majani ya paa, juu ya mlango. Kila mwanamke wa Vuhovi anachomeka jembe lake hapo. Mjane wa Paluku analo, hapo hapo, nimeliona. Lakini ni la Shangazi lililochukuliwa na kupelekwa kwa chef, mkuu wa kijiji, kama ushahidi.

Mdogo wa marehemu amekuja mpaka shuleni kunishukuru. Kunishukuru! "Madame, ulisema kweli. Chuma inavuta radi. Siye tulikuwa tunajua tu yule mama ni mulozi, lakini namna gani anafanya, hatukujua. Sasa tunajua." Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilitaka kumwuma.

Kikao cha kumhukumu ni Jumatano.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimemwambia Kambale turekodi upya, tuseme antena, tuseme waya, tuseme nani aliufunga. Amekataa. Nikamwambia utani wake ndio utakaomwua shangazi yangu. Amelia. Ana sauti nzuri hata akilia.

Jumapili, 14 Oktoba

Kambale amekimbilia Beni kwa kaka yake. Na mashine. Mke wake ameniambia kupitia dirisha, mlango hakufungua.

Aende. Barabara ile imuchoshe.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimerekodi peke yangu, kwa radio ndogo ya kaseti ya katekista mmoja, mlango umefungwa, magodoro ukutani ili majirani wasisikie. Sauti yangu ni mbaya, kama mtu anayegombana na mkwe. Lakini kila kitu kimo: antena, waya, mti, kamba, mbuzi. Sikusema "inavuta" hata mara moja. Nimesema radi ni kipofu, inapiga kilicho kirefu, na kirefu kilichopo Vuhovi wamekileta askari.

Ni kaseti moja tu. Bila mashine siwezi kuinakili. Nitaipiga mimi mwenyewe mbele ya watu wote. Baada ya hapo askari watanikamata, au mbaya zaidi. Sijutii.

Jumatano, 17 Oktoba

Kikao kilifanyika uwanjani mbele ya kanisa. Nilichelewa, pikipiki ilizama kwenye matope. Nilifika na radio begani, kaseti imo ndani tayari, kidole juu ya kitufe.

Nikamkuta Shangazi amepiga magoti. Akasema kwa sauti ya juu, hakutetemeka: "Ni mimi nilituma. Munisamehe."

Nikapiga kelele kwamba anasema uongo. Chef akaturuhusu tuongee pembeni. Shangazi akanivuta nyuma ya ukuta kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Hapana kupiga ile kaseti," akaniambia. "Mulozi, batu banajua kumufanya nini. Analipa mbuzi, banakunywa kasikisi, inaisha. Mutu mwenye hana kosa, habajui kumufanya nini. Banamuchoma tu."

Nikamwambia kweli ipo ndani ya radio hii. Akatazama askari wawili waliosimama karibu na kengele, bunduki mgongoni, wanatafuna muwa.

"Na bale? Banasikia pia. Utanifanya nizike mutoto?"

Sikuipiga.

Wakaamua mbuzi. Wakaleta kasikisi, pombe ya ndizi, Shangazi na mjane wa Paluku wakanywa kwenye kibuyu kimoja. Mdogo wa marehemu akanikaribisha na mimi. Nikamwaga chini ya miguu yake, nikaondoka.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nina hasira na Shangazi kuliko na Kambale. Kambale alikimbia tu. Yeye amewapa haki. Sasa kuanzia Vuhovi mpaka Beni kila mtu atasema: si mnaona, alikubali mwenyewe!

Jumapili, 21 Oktoba

Sikwenda misa. Nimerekodi juu ya kaseti ile ya antena, nimeifuta. Juu ya nini vitunguu vinaliza. Nilikuwa na kitunguu kweli mezani, kwa hiyo sijui nililia juu ya nini.

Jumapili, 9 Desemba

Vuhovi. Ni mara ya kwanza tangu kikao. Nilijiapiza sitakwenda, nimekwenda.

Mavuno yamekwisha. Yaani askari wamevuna. Wamepita shamba kwa shamba, wameng'oa maharage ya kijiji kizima, hata ya chef, hata ya mjane wa Paluku. Shamba la Shangazi hawakulikanyaga. Nyayo zao zinaonekana kwenye udongo: zimefika pembeni mwa shamba, zimezunguka, zimekwenda zake. Mashujaa wa bunduki, wanaogopa radi ya Shangazi.

Shangazi amenenepa kidogo. Ameniomba nisamehe, kisha hapo hapo ameniuliza juu ya nini nimekawia. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali. Sikuyaona tena.

Amepika sufuria kubwa, ile aliyokuwa akipikia watoto wa majirani, maana zamani wakinusa moshi wake wanajaa mlangoni. Leo niliwaona wawili barabarani. Walipofika karibu na ua walishikana mikono, wakapita mbio upande wa pili. Shangazi aliwaona pia. Akaendelea kukoroga.

Hakuna aliyepiga hodi mchana kutwa. Mjane alituma mtu kuomba mbegu, na mtu huyo alisimama mbali, akaweka kapu chini, akarudi nyuma. Shangazi akalijaza, akaliacha pale pale, akaingia ndani ili huyo mtu aweze kulichukua.

Tulikula wawili. Maharage mazuri, yameiva sawasawa, na mafuta ya mawese. Alinipakulia sahani ya pili bila kuniuliza, na nyingine akaiweka tayari mezani, akaifunika.

"Kuna mutu anakuja?" nikamwuliza.

Akasema hapana, ni mazoea tu ya mkono.