Masikio ya Mtamba wa Kwandu

Jumanne, 3 Juni 2025
Josho la Nyamahanga. Nimemaliza kuwatia alama masikioni ng'ombe wa kaya zote nane. Nafasi sita za kukata pengo au kuacha — tatu kulia, tatu kushoto. Alama za kaya zozote mbili zinatofautiana nafasi tatu au zaidi. Hesabu nimeitoa kwenye kitabu cha simuni, cha kusahihisha makosa ya alama. Miezi minne nakisoma huku nahesabu ng'ombe wanaoogeshwa hapa. Mchoro wake wanauita trelisi. Mimi naona chanja cha pasheni: kila nafasi ni hatua, njia zinapanda, zinashuka, nane tu zinafika mwisho, moja ya kila kaya.
Bibi Kwandu kakataa kisu. Ng'ombe wa mama yake hawakukatwa, na mtamba wake ndiye pekee aliyebaki wa ukoo wao. Nikampa alama isiyo na pengo hata moja. Kitabu kinaruhusu — sifuri nayo ni alama.
Nikawatangazia: mkigombana, msitazame ng'ombe, tazameni mchoro. Nilijisikia sana.

Jumamosi, 14 Juni
Bulugu, jirani yake Kwandu, kaniletea soda. Yeye alama yake ni mapengo matatu. Akauliza: je, mwiba ukimchana ng'ombe sikio? Nikamchorea mavumbini: tunafuata njia iliyo karibu zaidi. Mchano mmoja haupotezi ng'ombe.
“Na miwili, mwalimu?”
Nikamwambia labda miiba iwe na akili. Tukacheka wote. Mwanafunzi wangu wa kwanza, na anaelewa haraka.

Jumatatu, 23 Juni
Mtamba wa Kwandu alipotea Ijumaa. Leo kaonekana zizini kwa Bulugu, ana mapengo mawili, yote kwenye nafasi za alama ya Bulugu. Bulugu anasema ni wake, la tatu nilisahau mimi kulikata.
Nimechora mara tatu. Kutoka kwa Kwandu, makosa mawili. Kutoka kwa Bulugu, moja. Mchoro unampa Bulugu.
Nimepapasa masikio. Kingo zimenyooka, chini ya majivu kidonda kibichi. Miiba yenye akili.

Jumanne, 24 Juni
Kikao, joshoni. Nikaanza habari ya vidonda, mwenyekiti akanikata: “Ernesta, si ulisema tusitazame ng'ombe?” Bulugu kaleta chaki mpya, pakiti nzima.
Bibi Kwandu kauliza yake ni njia ipi. Nikamwonyesha.
“Mbona imenyooka peke yake?”
“Ndivyo ilivyo, bibi.”
Nimechora hatua tano ubaoni, nikaomba ruhusa ya chooni. Naandikia hapa. Ya sita bado. Kabla ya kutoka nimemwomba Bulugu, kwa kuwa ni ng'ombe wake, amshike masikio watu waone mapengo vizuri. Namsikia mtamba anavuta kamba — na mwenyekiti anamuuliza Bulugu hiyo damu vidoleni imetoka wapi.